Tambi za Kuchovya na Harusi ya Tengeru



Leo nina kisa cha bakuli la tambi. Najua mmezoea tukizungumza singo, hina na sanduku la bi harusi, lakini nimerudi Unguja kutoka Tengeru juzi tu na kisa hiki bado kimenikaa kooni. Nimeona nikitoe pamoja na historia yake, maana bila historia hakieleweki.

Tengeru, kwa ambao hamjafika, iko nje kidogo ya mji wa Arusha, kwenye barabara ya kwenda Moshi, chini ya Mlima Meru. Migomba, kahawa, mifereji ya maji inayopita nyuma ya nyumba, na baridi ya asubuhi ambayo sisi watu wa pwani hatuizoei. Kaka yangu ameoa huko na ndiko alikolelea watoto wake. Binti yake mkubwa alikuwa anaolewa na kijana anayesoma Tokyo, na baada ya nikaha angemfuata mumewe. Nilikwenda na mama yangu, tumebeba mizigo ya harusi na mfuko mkubwa wa dagaa wa Unguja, kama kawaida yetu.

Siku chache kabla ya nikaha ikaingia picha kwenye simu ya bi harusi. Mchumba wake amekaa kwenye kaunta nyembamba ya mkahawa, anacheka. Mbele yake kuna sahani ya tambi nene zilizokunjwa vizuri kama kitambaa, hazina mchuzi hata tone. Pembeni kuna bakuli dogo la mchuzi mzito wa rangi ya kahawia. Ilikuwa picha ya zamani, ya miezi yake ya kwanza Japani, na aliituma kumwonyesha mchumba wake chakula cha huko.

Wifi yangu aliichungulia. Akaomba apigiwe simu, akaweka sauti ya nje, sote tunasikia. "Mwanangu, hiyo supu ni ya nini?"

Kijana angeweza kusema kuku. Hakusema. Alieleza kuwa alikula pale mara tatu alipofika, lugha haijui, na harufu ya samaki ilimdanganya. Kisha mwenzake wa darasani akamwambia mchuzi ule umechemshwa kwa mifupa ya nguruwe. Hakurudi tena.

Wifi alimshukuru kwa adabu, akakata simu, akakaa kwenye kigoda. "Simpeleki mwanangu kwenye supu ya nguruwe." Bi harusi akaingia chumbani, akafunga mlango. Kaka akanigeukia mimi: "Wewe si ndiye msomaji? Hebu tuambie hicho chakula ni kitu gani."

Basi nilikesha. Mengine nilikuwa nayajua, mengine niliyatafuta usiku ule, na asubuhi niliwaeleza hivi.

Wajapani wanakiita tsukemen. Maana yake ni nyepesi: tambi za kuchovya. Hakikutoka jikoni kwa wafalme wala hakina miaka elfu. Kilianzia kwenye chakula cha wafanyakazi. Kijana mmoja, Yamagishi Kazuo, aliyezaliwa mwaka 1934, alikuwa mpishi kwenye duka la tambi lililoitwa Taishoken, mtaa wa Nakano, Tokyo. Dukani tambi zilichemshwa kwa wingi, na zipo zinazobaki kwenye vichujio. Wapishi hawakuzitupa. Walizikusanya, na wakati wa kula wakatia mchuzi kidogo kwenye kikombe, wakachovya, wakala wamesimama. Mteja mmoja akaona, akataka naye. Mwaka 1955 Yamagishi akakitia chakula hicho kwenye orodha ya duka, baada ya kuunogesha mchuzi kwa siki, sukari na pilipili.

Baada ya vita Japani ilikuwa nchi yenye njaa. Mchele ulikuwa haba, ngano ya Marekani ikaingia kwa wingi, na tambi za ngano zikawa chakula cha mfanyakazi asiye na muda wala pesa nyingi. Ndiyo sababu mpaka leo mikahawa hii ni ya kawaida kabisa: kaunta, viti vichache, unakula unaondoka, nyuma yako kuna mwenye kungoja kiti. Kwa anayetoka kwetu, ambako mgeni hulazimishwa kijiko cha pili, huonekana kama kufukuzwa. Si kufukuzwa, ndiyo desturi ya pale.

Mwaka 1961 Yamagishi alifungua duka lake mwenyewe mtaa wa Higashi-Ikebukuro, akaliendesha pamoja na mkewe. Watu walipanga foleni barabarani. Mkewe alipofariki mwaka 1986 alifunga duka miezi kadhaa, mpaka wateja wakamshawishi alifungue tena. Alifundisha vijana wengi sana, akawaruhusu kutumia jina la duka lake. Alifariki mwaka 2015. Nilipofika hapo wifi alikuwa ameacha kuchambua mchele. "Maskini," alisema, kisha akakumbuka yuko kwenye ugomvi, akaendelea kuchambua.

Nguruwe je? Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitarajia. Nilidhani supu ya nguruwe ni mila ya kale ya Wajapani. Kumbe ni mgeni wa karibuni. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alitoa amri ya kuzuia kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku kwa miezi kadhaa ya mwaka, na kwa mafundisho ya dini yao ya Kibuddha watu wengi wa Japani waliishi karne na karne wakila nyama kwa nadra. Supu yao ya asili ilitoka baharini: mwani mkavu (si huu wetu wa Paje, mwingine mnene zaidi), samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa mpaka akawa mgumu kama gogo, na dagaa. Na desturi ya kuchovya pia ni ya kale kwao. Tambi zao nyembamba za soba waliziweka kwenye kichungu cha mianzi, wakazichovya kwenye kikombe cha mchuzi wa baridi, muda mrefu kabla Yamagishi hajazaliwa.

Mwaka 1872 ilitangazwa kuwa Mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama ya ng'ombe, na milango ikafunguka. Wachina waliofanya kazi kwenye bandari ya Yokohama walileta tambi zao za ngano na supu zao. Mwaka 1910 mtu mmoja, Ozaki Kan'ichi, aliwachukua wapishi wa Kichina kutoka Yokohama akafungua duka liitwalo Rairaiken, mtaa wa Asakusa, Tokyo. Duka hilo hutajwa kuwa la kwanza kuzieneza tambi za supu zinazoitwa ramen. Tambi za kuchovya ni mtoto wa ramen. Kwa hiyo mifupa ya nguruwe iliingia kwenye hadithi hii kutoka upande, na ikiingia kutoka upande inaweza kutoka vilevile. Chakula chenyewe ni tambi na kuchovya.

Mama yangu alikuwa kimya muda wote, ana tasbihi mkononi. Ndipo aliposema, "Mnamsema Mjapani kama jini. Kanga zangu za harusi zilitoka wapi?" Na kweli. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 viwanda vya Japani vilichapa kanga kwa ajili yetu, maneno ya Kiswahili pembeni, zikashuka kwa meli Mombasa, Dar es Salaam na Unguja. Mwenye bibi aliyeolewa miaka ya 1950 au 1960 akafungue kasha lake aangalie. Wao waliziandika methali zetu wasizozisoma, nasi tukajifunga.

Na tambi nazo si ngeni kwa Waislamu, dada zangu. Zile tambi za Idi tunazokaanga kwa samli, tukatia sukari, hiliki na zabibu, zina ndugu wengi. Waarabu wa zamani waliita tambi kavu itriyya. Al-Idrisi, yule mwanajiografia aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154 kwenye kasri la mfalme wa Sisili, aliandika kuwa kwenye kijiji cha Trabia karibu na Palermo itriyya ilitengenezwa kwa wingi, ikapakiwa majahazini kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Kitabu hichohicho kinataja Malindi na pwani yetu. Waajemi wana rishta zao mpaka leo. Kwa hiyo Mwislamu kukaa mbele ya sahani ya tambi si kuiga mtu.

Kuchovya ndiyo kabisa. Sisi tunachovya chapati kwenye mchuzi, mkate wa kumimina kwenye mchuzi wa kuku, ugali kwenye kila kitu. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kufika Mombasa na Kilwa, alikuta wali wa samli umepakuliwa kwenye sinia la mti, vitoweo pembeni kwenye vyombo vyake, pamoja na achari za ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na embe. Chakula kikavu huku, chenye ladha kali kule, na mlaji anachanganya mwenyewe mdomoni. Mjapani wa Nakano hakutufundisha hilo.

Kaka aliridhika. Wifi hakuridhika. Alisema neno ambalo sina budi kuliandika kama lilivyo: "Historia nimeisikia. Lakini mwanangu hataoa historia, ataolewa na mtu. Asingeambiwa na mwenzake, si angekuwa anakula mpaka leo?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kugonga mlango wa bi harusi. Nilimkuta amekaa kitandani, hina bado haijapakwa, macho mekundu. Nikaanza kumwambia kuwa asiyejua hana dhambi kwa asilolijua, na kadhalika. Akanikata, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu utotoni. "Shangazi, hilo najua. Ninachofikiri ni kwamba mama alimuuliza mbele ya watu, na angeweza kudanganya, na hakuna ambaye angejua. Hakudanganya."

Basi nikanyamaza. Baadaye alitoka akamwambia mama yake: "Tukipike hapa. Tukipike kwa halali, uonje, kisha uamue."

Ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio Tengeru. Njiani kaka alinionyesha upande yaliko makaburi ya Wapolandi, ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Sikuwa na habari nayo. Kumbe kuanzia mwaka 1942 mpaka 1952 Tengeru ilikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamefukuzwa makwao wakapelekwa Siberia, wakatoka huko wakapitia Iran, wakavuka bahari mpaka Afrika Mashariki. Yapo makaburi takriban 150. Wifi, ambaye amepita pale miaka yote, alisema polepole, "Nao mama zao walikuwa wakijiuliza watoto watakula nini." Hakuongeza kitu, nami sikumwongezea.

Sokoni tulinunua kuku wa kienyeji, tangawizi, vitunguu vya majani, saumu, mayai. Dagaa tulikuwa nao, wale wa Unguja. Hapa nisimame kidogo, maana jambo hili lilinifurahisha kuliko yote. Dagaa wa Kijapani wa supu huitwa niboshi, na neno lenyewe maana yake ni "waliochemshwa wakakaushwa". Si ndivyo wanavyofanya wanawake wetu? Dagaa wanashushwa alfajiri, wanatumbukizwa kwenye maji ya chumvi yanayochemka, kisha wanaanikwa juani. Na Mjapani naye, kabla ya kuwatia kwenye supu, huwatoa kichwa na utumbo ili wasilete uchungu. Mama alipolisikia hilo alisema, "Basi ni watu wazima."

Kitu cha pili kilikuwa magadi. Tambi za ramen si kama spageti. Zina rangi ya manjano na zinavutika, hata kama hazina yai, kwa sababu unga wake hukandwa kwa maji yenye magadi. Wachina husimulia kuwa mwanzo wake ni maji ya maziwa ya chumvi ya Mongolia ya Ndani. Sasa fikiria: mkoa huu wa Arusha una Ziwa Natron, magadi yamejaa, na pale sokoni wamama wanayauza kwa ajili ya maharage na makande. Tambi za ramen hatukuwa nazo, tukanunua spageti nene za pakiti. Nilitia kijiko kidogo cha magadi kwenye maji ya kuchemshia. Yalipanda povu mpaka yakamwagika, wifi akapiga ukelele, lakini spageti zilitoka za manjano na zenye mvuto. Tukazisuuza kwa maji baridi ya mfereji wa nyumbani, yale yanayouma vidole, tukazikunja sahanini. Msitie zaidi ya kijiko hicho, zitanuka sabuni.

Mchuzi ulichemka tangu saa nne asubuhi mpaka adhuhuri: mifupa na miguu ya kuku, dagaa, tangawizi, vitunguu. Ulipopungua ukawa mzito, tukatia sosi ya soya, siki, sukari na pilipili kichaa moja. Harufu ya siki ilipopanda, mama alikumbusha kisa kilichomo kwenye Sahih Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) aliwahi kuwauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, wakawa hawana ila siki, akaiomba hiyohiyo, akala nayo na akaisifu. Tazameni: kitoweo chenyewe ni cha kuchovya.

Tulikula kwenye jamvi. Namna yake ni hii: unachukua tambi chache tu, unachovya nusu, unavuta. Usimwage mchuzi juu ya sahani kama alivyofanya kaka. Tambi zikiisha, mchuzi uliobaki ni mkali mno kunywa, hivyo unaongezwa maji moto ya supu, unakuwa mwepesi, unaumaliza. Kule mkahawani nako huomba supu ya moto ya kuzimulia mwishoni. Wifi alikula kimya. Akaongeza.

Kwa mtakaosafiri, niseme wazi yale niliyomwandikia bi harusi kwenye daftari lake. Kutoona kipande cha nguruwe bakulini hakutoshi. Uliza mifupa ya supu, maana ndiyo msingi. Uliza mafuta yanayoelea juu. Uliza yai, kwa kuwa mara nyingi huloweshwa kwenye mchuzi uleule wa nyama. Uliza mirin na sake, ambavyo ni vileo vya kupikia na huingia kwenye sosi bila kuonekana. Sosi ya soya nayo huchachushwa miezi mingi na huweza kuwa na kiasi kidogo cha kileo. Wapo watengenezaji wa Japani wenye cheti cha halali, tafuta hizo, na penye shaka muulize sheikh wako, usiniulize mimi. Na supu ikiitwa ya samaki usipumue kwanza: nyingi huchanganywa. Ndivyo kijana wetu alivyonaswa.

Lakini mlango haujafungwa. Kobe wana msikiti tangu mwaka 1935, na Tokyo tangu mwaka 1938, uliojengwa na Watatari waliokimbilia huko. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 2000. Palipo na msikiti wa jamaa, wa kumuuliza maduka hakosekani. Na Asakusa, mtaa uleule ambako Rairaiken ilianza mwaka 1910, leo kuna duka la tambi liitwalo Naritaya linalopika ramen ya halali. Jioni ile bwana harusi alituma picha nyingine, amesimama nje ya duka hilo, amenyoosha kidole kwenye kibao cha halali kama mtoto wa skuli. Wifi aliikuza picha kwa vidole viwili, akaisoma, akairudisha simu. "Mwambie avae koti, kunaonekana baridi."

Nikaha ilifungwa Alhamisi baada ya Alasiri.

Wiki iliyopita bi harusi aliniandikia kutoka Tokyo, anaomba nimtumie dagaa wa Unguja. Nikamjibu kuwa huko wapo wa kumwaga. Akasema, "Wapo, shangazi, ila hawana mchanga. Mume wangu anasema hawana ladha ya nyumbani."